Vigae Vyenye Njaa

Shemeji yangu tunamwita Timazi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Timazi ni ile kamba ya mafundi yenye kichuma kizito mwishoni, inayoning'inizwa kuonyesha kama ukuta umesimama wima au umekwenda upande. Yeye humtazama kila binadamu kwa jicho hilo hilo. Anakusimamisha mbele yake, anakushusha kutoka utosini hadi kwenye viatu, anatafuta ulipopinda. Amemwoa dada yangu, harusi yake nimeicheza, mtoto wake nimempakata, na mpaka leo akija dukani kwangu kununua gundi ya vigae haukubali mfuko wa kwanza ninaompa. Anataka wa chini kabisa, uliofunikwa na mingine, kwa sababu ule wa juu lazima nimeuandaa kwa ajili yake.

Usidhani ni mtu mbaya. Ni mtu asiyeamini, basi. Mfukoni ana futi mbili za kupimia, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kuikagua ile ya kwanza. Dada yangu akimwambia chai ina sukari, ataionja, halafu atamtazama dada yangu. Nilishamuuliza dada anaishije na mtu wa namna hiyo, akacheka, akasema angalau ana hakika mumewe hatatapeliwa barabarani.

Na kazi yake, haki ya Mungu, ilikuwa kazi. Nimeuza vifaa vya ujenzi muda wa kutosha kuwajua mafundi wa upande huu wa mji mmoja mmoja, na najua nani naweza kumpeleka kwa mteja bila kuona aibu baadaye. Timazi alikuwa wa kwanza kumtaja. Kigae kikishalala na gundi ikikauka, alikigonga kwa mpini wa mwiko, pembeni na katikati, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Gundi ikiwa imeenea mgongo mzima wa kigae, sauti hutoka fupi na nzito. Pakiwa na uwazi chini, hutoka nyembamba, yenye mwangwi, na kigae hicho siku moja kitapasuka chini ya kisigino cha mtu. Mafundi wengine husema kigae kimeshika au hakijashika. Yeye alikuwa na maneno yake: kilichojaa gundi kimeshiba, chenye uwazi kina njaa. Binti yake aliyajua maneno hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Binti huyo, mpwa wangu, sasa ni mtu mzima mwenye mume na watoto. Aliacha kazi ya kupokea wageni hotelini akaja kufanya kazi na baba yake, na mimi nikaona kachanganyikiwa, maana kule alikuwa akilipwa kutabasamu na huku angelipwa kununiwa. Lakini ana mkono mwepesi. Kukata kigae kizunguke bomba, kazi inayowatoa jasho wanaume wenye ndevu, yeye huimaliza huku anazungumzia mambo mengine. Baba yake hakumsifu mbele yake hata kwa bahati mbaya. Akiwa hayupo ndipo alipokuwa akinisimulia habari zake mpaka nikatafuta kisingizio cha kwenda ghalani.

Basi wakapata kazi kwa mkunga mmoja mstaafu, mama mrefu, mpole, wa sauti ya chini. Amezalisha watu wengi kiasi kwamba akipita barabarani nusu ya vijana wanamwamkia kwa hofu kidogo, kama mtu aliyewaona katika hali wasiyoikumbuka. Mgongo wake ulikuwa umechoka. Alitaka bafu lake livunjwe lote: sakafu mpya, kuta mpya, na hodhi la kuogea, lile refu la kulala ndani, ajinyooshe kwenye maji ya moto jioni. Bafu lenyewe lilikuwa chumba chembamba chenye kidirisha cha juu, sakafu ya saruji iliyopauka, na ufa uliotoka mlangoni ukaenda hadi kwenye tundu la kutolea maji.

Walivunja sakafu, wakasomba kifusi kwa ndoo, wakamwaga mpya yenye mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, wakaipaka dawa ya kuzuia unyevu. Fundi bomba alikuja akaacha mabomba yake yanachungulia ukutani, akaenda zake. Siku ya kuingiza hodhi walilisimamisha ubavu, binti mbele na baba nyuma, wakalipenyeza mlangoni kidogo kidogo. Mkunga alisimama koridoni akawaelekeza kwa namna aliyoizoea. Taratibu, alisema, taratibu, kichwa kwanza. Mpwa wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta, hodhi likiwa limekwama nusu ndani na nusu nje.

Timazi hakucheka. Aliwatazama wale wanawake wawili juu ya hodhi, mmoja baada ya mwingine, akaona midomo inayotabasamu na macho yanayomkwepa, akahitimisha kwamba anachekwa yeye. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba tangu dakika ile alijua kuna kitu.

Mtu anayejua kuna kitu hakosi kukiona. Asubuhi moja alifika kazini akamkuta binti yake ametangulia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa kuwa ana watoto wa kupeleka shule. Alikuwa ameshavaa nguo za kazi, anafagia. Timazi akapita juu ya sakafu aliyoilaza jana yake, akabonyeza kwa kidole gumba mianya ya kigae kimoja karibu na hodhi. Gundi ilikuwa mbichi. Kigae alichokilaza jana mchana, chenye gundi mbichi asubuhi. Alikwenda kukoroga gundi yake, na siku nzima akafanya kazi huku ameugeuzia ukuta mgongo.

Kisha zikaja simu. Zamani wateja wote walimpigia yeye. Sasa simu zinaita kwa binti. Mkunga akitaka kujua vigae vya ukutani viishie wapi, anampigia binti. Fundi bomba akitaka kuuliza urefu, anampigia binti. Ya Timazi imelala mfukoni kimya kutwa nzima. Na pale bafuni, akiinamia kazi, aligeuka mara kwa mara akawakuta mkunga na mpwa wangu wamesimama koridoni vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Akiwatazama, wanaacha.

La kumchoma zaidi lilikuwa neno moja. Alikuwa amepiga magoti kona ya mlango, na binti alikuwa hatua chache nyuma yake anazungumza na mwenye nyumba. Timazi alitega sikio. Hakupata sentensi yote, alipata vipande: "...na njaa... na jana pia... na njaa vilevile." Mchana wa siku ile ile mkunga akaja na sahani ya mkate na mayai na kikombe kikubwa cha chai, akaviweka juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele yake, akamgusa bega kwa upole na kumwashiria ale.

Timazi alikuja dukani kwangu jioni ile, uso umemwiva kwa hasira.

"Binti yangu anamwambia mteja kwamba nina njaa," alisema. "Mimi. Wameanza kunilisha kama omba omba."

Nilimwambia labda hakusikia vizuri. Akaniambia, tena kwa sauti iliyowafanya wateja wangu wageuke, kwamba nisimtetee mtu kwa sababu ni damu ya dada yangu. Siku hizo alikuwa anazungumza kwa sauti ya juu sana, nami niliichukulia kuwa ni jeuri tu iliyokomaa. Akanimwagia yote: kigae chenye gundi mbichi, simu, minong'ono, sahani. Kwake yeye hesabu ilikuwa imekamilika. Binti anafungua fungua kazi ya baba yake na kumwonyesha mteja kasoro. Anawaambia watu kwamba mzee amekwisha, hajiwezi, anaonewa huruma. Hodhi likishakaa na sakafu ikikamilika, mteja anayefuata atakuwa wa binti, na wa baada yake pia, na Timazi atabaki nyumbani anahesabu vidole.

"Sijui kitu kingine mimi, shemeji," alisema, na hapo sauti ilimshuka. "Nikitolewa kwenye vigae nitakuwa nani?"

Ningemcheka, kwa sababu nimezoea kumcheka. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia. Mpwa wangu alikuwa amekuja dukani mwanzoni mwa wiki ile, peke yake, akanunua vigae vichache vya aina ile ile ya mkunga. Alirudi tena baadaye akachukua vingine vichache. Alilipa kwa fedha yake, akanitazama machoni, akasema, "Mjomba, baba asijue." Nilidhani amepata kibarua cha pembeni. Na sasa baba yake alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu akiniuliza, kwa jicho lile lake la timazi, kama binti amepita hapa kununua chochote. Nilimjibu kwamba mtoto wake ni mteja kama mteja mwingine. Jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa alichokifuata, akaondoka.

Sitaficha: na mimi nilianza kumshuku yule msichana. Ubaya wa shemeji yangu ni kwamba maradhi yake yanaambukiza.

Alichofanya Timazi kesho yake ni mtego. Kila kigae alichokilaza alikichora alama ndogo ya penseli ubavuni, upande unaotazama dirisha, mahali ambapo asiyejua hawezi kuangalia. Hakujaza mianya, alisema sakafu ipumue kwanza. Asubuhi iliyofuata alipiga magoti akachungulia mstari kwa mstari. Vigae vingi vilikuwa na alama yake. Vingine, hapa na pale, havikuwa nayo kabisa. Vilikuwa vigae vipya. Binti alikuwa kwenye kona anaosha miko, mgongo umemgeukia, anaimba wimbo wa watoto wake.

Timazi akanipigia simu, nami nilipopokea akawa anazungumza tu bila kungoja niseme. Alitaka nilete mwenyewe mirija ya silikoni ya kuzibia ukingo wa hodhi, saa ya kulijaza maji. Alitaka shahidi wa upande wa mama, ili lisije likasemwa jambo baadaye. Nilifunga duka nikaenda, kwa kuwa nilijua ninakwenda kuona familia ya dada yangu ikipasuka ndani ya bafu la watu.

Bafu lilikuwa limependeza. Niseme ukweli, nilisahau kidogo kilichonileta. Vigae vya sakafu vilikuwa vya rangi ya mchanga uliolowa, mistari imenyooka kutoka mlangoni hadi chini ya kidirisha, na hodhi jeupe limekaa ukutani kama limezaliwa pale. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, ingawa hakuna aliyemwambia ataoga leo. Timazi alifungua bomba. Hodhi hujazwa maji kwanza, ndipo lizibwe ukingo, kwa sababu uzito hulishusha kidogo. Ukiliziba likiwa tupu, siku mtu akiingia ndani silikoni itaachia. Tulisimama wote tukitazama maji yakipanda, na kelele za bomba zikatuokoa na mazungumzo.

Yalipofika karibu na ukingo, alifunga. Chumba kikawa kimya. Akafuta mikono kwenye suruali, akasimama katikati ya sakafu yake, akamtazama binti yake.

"Leo nataka kila mtu hapa aseme ukweli," alianza. "Mimi si mtoto. Nimeona vigae vyangu vimeng'olewa..."

To. Kitu kilidondoka chini ya hodhi. Kisha tena, to.

Mkunga aligeuza kichwa. Mpwa wangu aligeuza kichwa. Mimi pia niligeuka, pamoja nao, bila kutaka. Sote watatu tukatazama chini ya hodhi mahali pale pale. Timazi alitutazama sisi. Aliyapitia macho yetu, moja moja, akatabasamu tabasamu chungu la mtu aliyewafumania watu.

"Mnaona?" aliniambia. "Mnapeana ishara mbele ya macho yangu. Na wewe umo, shemeji. Na wewe."

"Baba," mpwa wangu alisema, "linavuja."

"Nani kakwambia linavuja? Hata hujainama."

"Linasikika."

Kulikuwa na kigae kimoja mbele ya hodhi ambacho hakikugandishwa, kilichoachwa kama kimlango cha kufikia bomba la chini. Binti alipiga magoti, akakitoa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa umelowa. Aliuinua baba yake auone. Timazi hakuutazama. Alikuwa ameshainamisha kichwa chake upande, vilevile alivyozoea kukiinamisha juu ya vigae, mdomo umefunguka kidogo, pumzi ameishika. Tukangoja naye. Tone likaanguka. Likaanguka jingine. Mimi, mtu wa dukani, niliyasikia wazi kabisa. Uso wa shemeji yangu haukubadilika.

Niliona aibu kumtazama na sikuweza kuacha kumtazama. Alisubiri muda mrefu, anatusoma nyuso, akitafuta mzaha, na hakuupata. Alipoacha kuinamisha kichwa alikuwa mtu mwingine. Aliketi kwenye ukingo wa hodhi, karibu sana na maji, mikono kati ya magoti.

"Ni mashine ya kukatia," alisema, si kwa yeyote. "Ina kelele sana ile mashine."

Ndiyo, ni mashine. Ameishika miaka na miaka pasipo kuziba masikio, kwa sababu aliyeziba masikio hajui watu wanasema nini nyuma yake.

"Nilisikia unamwambia mama huyu nina njaa," akamwambia binti, ila sasa aliuliza, hakushtaki.

Mpwa wangu alimtazama kama hakuelewa, kisha akaelewa, akaweka mkono uliolowa mdomoni.

"Kigae, baba. Aliniuliza kwa nini nakibandua. Nilimwambia kina njaa, na kile cha jana pia kilikuwa na njaa."

Ni neno lake mwenyewe. Alilitunga yeye, akamfundisha mtoto yeye, na lilipomrudia lilikuwa limepoteza kichwa njiani, kwa sababu sauti za mwanzo wa neno ndizo zinazoanza kumtoroka mtu anayeanza kuwa kiziwi. Kina na nina, kwa sikio lake, vilikuwa kitu kimoja. Mkunga naye akasema pale mlangoni, kwa upole wake, akiwa amepaza sauti safari hii, kwamba chakula alikileta kwa sababu kila siku alikuwa akimkaribisha mezani, anamwita, anamwita tena, na yeye haitiki. Alidhani fundi anaona haya.

Niliongeza habari ya vigae vilivyonunuliwa dukani kwangu, kwa sababu sikutaka kubaki nayo kifuani. Hapo yote yakawa mezani. Timazi alikuwa akigonga, anasikia sauti ile ile fupi na nzito kila mahali, anaridhika na anaendelea. Binti alikuwa akigonga nyuma yake, anasikia vilivyo na uwazi, anafika alfajiri kabla yake, anavibandua, anavunja vingine kwa bahati mbaya, ananunua vya kufidia, anavilaza upya. Simu walimpigia yeye kwa sababu ya baba yake haipokelewi. Na mikutano ya koridoni ilikuwa ni kumwomba mwenye nyumba avumilie.

"Tangu lini?" Timazi aliuliza.

"Tangu ile kazi ya ghorofani. Kabla ya mvua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Mpwa wangu alikaa chini sakafuni palepale, mkono wa nguo unadondosha maji. Machozi yalimlengalenga lakini hakuyaacha yatoke. Ana kichwa kigumu kama cha huyu aliyemzaa.

"Ningekwambia, ungeniamini?"

Nilitaka dada yangu angekuwepo asikie swali lile, kisha nikashukuru kwamba hayupo. Timazi aliitazama sakafu, na mimi nilimwona akilitafuta jibu lingine ambalo lingemweka mahali pazuri kidogo. Halikuwepo. Hakuwahi kumwamini mtu hata kwa jambo la sukari.

Mkunga alikuwa na busara ya kuondoka mlangoni. Mimi sikuwa nayo, nilibaki na mirija yangu ya silikoni mkononi. Binti alizibua hodhi maji yatoke, akakaza kiungio cha bomba, akabadili mpira wake, na baba yake akamshikia taa. Wakajaza tena. Mara hii Timazi aliingiza mkono wake mwenyewe chini, akapapasa bomba lote, akautoa mkavu, akanusa vidole vyake. Mpaka hapo alikuwa bado ni yeye. Unyevu unashikika, hauhitaji kumwamini mtu.

Kisha akachukua mwiko wake akampa binti, mpini mbele.

"Gonga," alisema. "Anzia mlangoni. Vya leo asubuhi."

Vya asubuhi ile alikuwa amevilaza peke yake, kwa uangalifu wa mtu anayejua anachunguzwa, gundi ya kukauka haraka, kila kimoja amekikandamiza kwa nyundo ya mpira mpaka kikatulia. Binti aligonga cha kwanza, pembe kwa pembe, na katikati. Timazi alikuwa amechuchumaa mbele yake, macho hayapo kwenye kigae, yapo usoni kwake. Binti alisita.

"Hiki kina njaa," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Timazi alichukua tindo, akaipenyeza kwenye mwanya, akakinyanyua. Kilitoka kirahisi, kizima. Alikigeuza. Katikati ya mgongo wake palikuwa peupe, pakavu, ukubwa wa kiganja, pasipoguswa na gundi hata kidogo. Alipagusa pale kwa kidole, akakiweka kigae kando kwa adabu, kama chombo cha watu. Sikuona hasira.

"Kinachofuata."

Binti akagonga. Aligonga kila pembe, akagonga katikati, akarudia katikati.

"Hiki kimeshiba, baba."

Nami nikaona tindo inasogea. Ilikwenda yenyewe, kwa mazoea, ncha yake ikakaa kwenye mwanya, na mkono wenye nyundo ukainuka kidogo. Hapo akasimama. Alijua jambo analolijua kila fundi wa vigae, kwamba chenye njaa unaweza kukinyanyua ukaona, lakini kilichoshiba hakitoki bila kuvunjika. Ukitaka kuhakikisha kimeshiba, umeshakiharibu. Alimtazama mwanawe usoni, kwa jicho lile lile la kutafuta palipopinda. Binti hakukwepa. Alikuwa anaogopa, niliona, lakini hakuhamisha macho.

Kisha Timazi akaitoa tindo kwenye mwanya, akaipangusa kwenye suruali, akairudisha kwenye mfuko wa vifaa, na nyundo juu yake.

"Kinachofuata," alisema.